Nailoni Juu ya Kioo cha Mama

Jumamosi binti yangu mdogo alibandua nailoni ya televisheni mpya kabla hata hatujaichomeka kwenye umeme. Alianzia kwenye pembe, akavuta yote kwa mkupuo mmoja, ikatoa ule mlio wake, akajifunga nayo kiunoni kama kanga na kuanza kucheza. Nikapiga kelele. Hazikuwa kelele za kumkanya mtoto, zilikuwa za mtu aliyekanyaga nyoka. Mtoto akasimama. Mume wangu akanitazama. Kijana aliyetuletea hiyo televisheni akasema, "Mama, si ndivyo inavyotolewa?" Nikamjibu ndiyo, ndivyo. Nikaenda zangu jikoni nikakalia ndoo. Ile harufu ya plastiki mpya ilikuwa imeshanifikia, na ikinifikia huwa naishiwa nguvu, kama mtu aliyetoka kulima.

Basi leo naandika, nione kama itapungua. Sijasoma sana, niliishia kidato cha pili, na mambo haya mwenyewe siyaamini yote kama ninavyoyakumbuka. Dada yangu Kabula, aliyenizidi umri kiasi cha kunibeba mgongoni, anayakumbuka kwa namna yake, na pale tunapotofautiana nitasema. Baba hayupo tena wa kujitetea. Tulimzika Nansio, ng'ambo ya maji, na siku hiyo tulionyeshwa viti vya plastiki upande wa wageni. Kwa hiyo nitajitahidi nisimwonee.

Mama alikuwa na steshenari Buswelu. Nikisema steshenari msifikirie makubwa. Kilikuwa chumba kimoja cha mbele chenye kompyuta, printa na kabati la madaftari. Sisi tulilala chumba cha nyuma, na katikati palikuwa na pazia. Alitaipu barua za maombi ya kazi, risala za harusi, katiba za vikundi vya kina mama, na kazi iliyotulisha hasa ilikuwa mitihani ya kujipima ya shule za jirani. Wateja walikaa kwenye benchi. Lakini palikuwa na kiti kimoja cha mbao, chenye mto wa kufuma na kitambaa cha kudarizi mgongoni, na hicho kilikuwa cha wageni: walimu, katekista, mtu aliyetoka mbali. Aliyekalia kiti hicho aliletewa soda. Sisi watoto tukikigusa tulipigwa vidole. Hata baba hakukikalia kamwe. Baba akiingia alipita moja kwa moja hadi nyuma ya pazia, akavua viatu kwa kuvisukuma na kisigino, akajitupa chali kwenye mkeka, akaita maji ya kunywa.

Alikuwa akifanya biashara Nansio, ya dagaa na machungwa. Alikwenda kwa meli na kurudi kwa meli, na shati lake lilinuka vyote viwili, dagaa wakavu kwenye kola na maganda ya machungwa mifukoni. Safari moja alirudi na boksi bapa kichwani. Kompyuta yetu ilikuwa na kile kioo cha zamani cha chogo, kilichojaza nusu ya meza, na paka wa jirani alizoea kulala juu yake kwa ajili ya joto. Baba alikibeba akakiweka chini, akafungua boksi, akatoa flati. Buswelu yetu ya wakati ule flati zilikuwa chache. Majirani walikuja kuiona. Muuza chipsi wa chumba cha pili aliizunguka mbele na nyuma, akasema, "Mama Kabula, mwenzetu huyu kakonda hivi, mnamlisha nini?" Paka naye alikuja, akaangalia pa kulalia hakupaona, akaondoka na hakurudi tena.

Kioo kilikuwa na nailoni nyembamba iliyokibana vizuri, na kwenye pembe ya juu palikuwa na kiulimi chekundu cha kuivutia. Kabula alishaanza kukivuta. Baba akamshika mkono.

"Acha. Upya wenyewe ndio huo. Nikirudi safari ijayo nitaitoa mwenyewe."

Hapa nataka niseme haki. Baba hakusema jambo la ajabu. Kwetu ndivyo vitu vilivyotunzwa. Rimoti ilivishwa nailoni ikafungwa na mpira, chupa ya chai ilibaki na karatasi yake ya dukani hadi maua yake yakafutika. Mjomba wetu wa Buhongwa alikalia makochi yenye nailoni hadi mabinti zake wakaolewa, na wakati wa joto mgeni akiinuka kochi nalo lilitaka kuinuka naye. Kutoa nailoni kulikuwa ni kukiambia kitu, haya, anza kuzeeka. Na mwenye kutoa ruhusa hiyo alikuwa yule aliyekileta nyumbani.

Ila mimi nilikuwa mtoto, na nilisikia kingine. Nilisikia kwamba baba na ile nailoni wamefungwa pamoja. Maadamu ipo, baba ana kazi ya kurudi kuifanya. Ikitoka, atarudi kufanya nini? Sikumwambia mtu. Niliiona ni siri iliyo wazi kwa kila mwenye akili, na kwamba mama anaijua kuliko wote.

Baba akaondoka. Safari ijayo haikuja upesi. Machungwa yalikuja, sitasema hayakuja. Gunia lililetwa na watu waliotoka kwenye meli, wakatoa na salamu zake: biashara ngumu, ziwa limechafuka, anakuja. Baadaye machungwa yakaanza kuja machache, yamelegea. Mambo mengine ya Nansio, kwamba alikuwa na nyumba nyingine huko, tuliyajua tukiwa wakubwa. Mama hakutuambia neno baya hata moja. Alimenya machungwa, akatugawia, akarudi kwenye kompyuta.

Sijui kioo kilianza lini kuingia ukungu. Labda hakikuanza siku moja. Mafuta ya chipsi yalikuwa yakichemka pale nje tangu asubuhi, moshi wake ukiingia kwetu na kutua, kisha vumbi la barabarani likaja kutua juu ya moshi. Mama alipangusa kila asubuhi kwa maji ya sabuni ya unga. Nailoni ikapata mikwaruzo. Mtu akamwambia mikwaruzo inatibiwa kwa dawa ya meno, akasugua na dawa ya meno, kioo kikawa cheupe kama jicho la samaki aliyepikwa. Mwingine akasema mafuta ya taa. Akapaka mafuta ya taa. Juma lile duka zima lilinuka kibatari, na maandishi yakawa kama yameandikwa chini ya maji.

Mama akamwita Fundi Deus, aliyekuwa akitengeneza redio na simu karibu na kituo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Deus. Kioo changu kina ukungu."

"Ukungu wa pembeni au wa katikati?"

"Wa kote."

Deus alikaza skrubu za waya. Akauchomoa, akaupuliza, akaurudisha. Akazima, akawasha. Akaenda kuleta chogo cha mteja wake, akakichomeka kwenye kompyuta yetu, na maandishi yakatoka meusi, safi, hadi mama akaguna. "Umeona?" Deus akasema. "Kompyuta ni nzima. Mgonjwa ni flati." Chogo akakirudisha, maana kilikuwa cha wenyewe. Akaingia sehemu za ndani za kompyuta, akabofyabofya, herufi zikawa kubwa kama mbuzi.

"Vipi sasa, mama?"

"Sasa ni mbuzi wenye ukungu."

Tulicheka wote. Kisha nikaona kidole gumba cha Deus kinakwenda polepole kwenye kile kiulimi chekundu, ambacho sasa kilikuwa rangi ya matofali.

"Na hii, Mama Kabula..."

"Hiyo hapana. Mwenyewe kasema ataitoa yeye."

"Ah." Deus akarudisha mkono kama aliyegusa sufuria ya moto. "Basi tutafute ugonjwa mwingine."

Wakautafuta. Namheshimu sana Deus hadi leo, na simlaumu. Nadhani alikuwa anajua. Nadhani hata muuza chipsi alikuwa anajua, na watu wa kwenye benchi pia. Lakini nani angesimama kwenye nyumba ya mtu aseme, neno la mwenye nyumba ndilo linalowaziba macho? Kwa hiyo walisogeza meza mbali na dirisha. Walibadilisha balbu ya dukani. Walisema ni umeme mdogo. Walisema ni hewa ya ziwa, maana asubuhi nyingine hewa ile hushuka nzito. Hilo la hewa ya ziwa mimi nililipenda kuliko yote. Niliona ni sawa kabisa kwamba kioo kinachomngoja mtu wa ng'ambo kipate ukungu wa majini.

Mama akawa anataipu amekiinamia kioo, paji la uso karibu kukigusa. Jioni macho yake yalikuwa mekundu, na alijifunga kichwa kwa kanga, akalala bila kula. Nilidhani ana hasira na sisi.

Kisha ukaja mtihani wa ng'ombe. Mwalimu Magesa, mwalimu wa taaluma wa shule iliyokuwa jirani yetu, mtu mrefu mwenye sauti ya upole, ndiye aliyekuwa akileta mitihani ikiwa imeandikwa kwa mkono, na kuichukua ikiwa imetaipiwa. Siku hiyo aliingia hakukaa. Hesabu ilisema mzee ana ng'ombe 83, akauza 38. Kidole cha mama kiliteleza, ile 83 ikawa 88, na alipokagua kwenye kioo hakuona kosa. Darasa la saba zima lilitafuta jibu, halikuwamo kwenye A wala B, wala C, wala D. Wapo waliolia.

"Mama Kabula, mimi na wewe tumetoka mbali," Mwalimu akasema. "Lakini mkuu wangu kasema, huu unaokuja ukiwa na kosa, kazi zote zinapelekwa mjini. Na zile shule nyingine zinatufuata sisi."

"Nimesikia, mwalimu."

"Usinione vibaya."

"Sikuoni vibaya. Hivi sasa simwoni mtu yeyote vizuri."

Jioni hiyo, kabla ya kupika, mama alituita nyuma ya pazia. Alisema bila kupandisha sauti. Mitihani ikienda mjini, duka linafungwa. Duka likifungwa, Kabula atakwenda kwa mama mdogo Sengerema, mimi nitakwenda kwa shangazi Magu. Yeye ataangalia.

"Ataangalia nini?" nilimwuliza Kabula baadaye.

"Pa kuishi, mjinga wewe."

Mtihani huo ukaja. Mama alitumia asubuhi nzima, Kabula akimsomea mwandiko wa mwalimu, yeye akitaipu na kukagua, akitaipu na kukagua. Mwalimu Magesa akafika mapema kuliko alivyoahidi. Akawekwa kwenye kiti cha wageni, nikatumwa soda, akaishika bila kuinywa. Nje mafuta ya chipsi yalikuwa yakilia. Mama akafika kwenye hesabu moja akasimama.

"Hii kwenye kioo ni tatu au nane?"

"Nane," nikasema.

"Tatu," akasema Kabula.

Mama akasogea mbele, akarudi nyuma, akafumba jicho moja. Angeweza kuichapa kwenye karatasi aone, mtaniuliza. Alishachapa. Wino wa printa ulikuwa unaelekea kuisha na wenyewe ulikuwa hafifu, umebaki wa kutolea nakala ya mwisho tu. Akageuka.

"Mwalimu, wewe una miwani. Hebu nisaidie. Ni tatu au nane?"

Mwalimu akaweka soda chini, akaja, akainama. Akavua miwani, akaipangusa na tai, akaivaa tena.

"Nikuambie kweli, Mama Kabula?"

"Niambie."

"Mimi naona nailoni."

Kabula alianza kucheka akakimeza kicheko. Nikamwona mama anakitazama kioo kwa muda, si yale maandishi, bali kioo chenyewe, kama mtu anayetazama mlango wa nyumba yake. Kisha akanyoosha mkono kwenye pembe ya juu.

Nikamrukia. Nilimshika mkono kwa mikono yangu miwili, mbele ya mgeni, jambo ambalo siku nyingine lingenipatia fimbo.

"Mama usitoe! Baba hatarudi!"

"Nani kakuambia?"

"Mwenyewe! Alisema ataitoa akirudi! Ukiitoa hatarudi!"

Mama hakunipiga. Aliniangalia kwa yale macho mekundu, akasema, "Minza, meli inakwenda na kurudi kila siku. Hakuna nailoni inayoizuia."

Hivyo ndivyo ninavyokumbuka. Kabula anasema mama hakutamka neno, alinisogeza tu kwa kiwiko akaendelea. Inawezekana. Inawezekana maneno hayo niliyatunga mwenyewe miaka ya baadaye, kwa kuwa niliyahitaji. Lakini hata nikiyaondoa, hilo la kiwiko silikatai.

Haikutoka kwa mkupuo mmoja kama ile ya binti yangu. Ilikuwa imeshikana na kioo kwa joto na mafuta, ikatoka vipande vipande, kama ngozi ya mtu aliyeungua inavyobambuka. Mama alitumia kucha. Mwalimu akarudi kwenye kiti chake, akageuza uso barabarani, na hilo lilikuwa jambo la kiungwana. Kipande cha mwisho kilipotoka, mwanga ukatujia usoni hadi tukarudi nyuma. Maandishi yalisimama meusi, membamba, moja moja, kama siafu kwenye ukuta uliopakwa chokaa.

Ilikuwa tatu.

Mama hakushangilia. Alianza upya kutoka swali la kwanza, akasoma hadi la mwisho, akirekebisha hapa na pale, na kila alipokuta kosa alitoa pumzi puani. Makosa yalikuwa mengi kuliko tulivyodhani. Mwalimu Magesa akauchukua mtihani ukiwa msafi, na kazi haikwenda mjini, na sisi hatukugawanywa. Vile vipande vya nailoni mama alivikusanya akavitupa kwenye ndoo ya takataka, pamoja na maganda ya machungwa.

Mimi nikaanza msiba wangu. Nilikuwa na uhakika. Sikula machungwa tena, nikasema yananiuma meno. Wenzangu walipoimba shuleni kuhusu baba na mama, mimi nilifumba mdomo kwenye baba. Mama aliponiuliza ninaumwa nini nilisema siumwi. Kila nilipokiona kile kioo kinavyong'aa, na mama amekaa mbele yake mgongo umenyooka, macho meupe, akitaipu hata akiimba, nilimwona kama mtu aliyemuuza baba yangu kwa ajili ya kuona vizuri.

Halafu baba akaja.

Kabula anasema alibisha hodi. Mimi sikumbuki hodi. Nakumbuka kivuli mlangoni, gunia begani, na ile harufu. Alisimama akazoea giza la ndani, na kitu cha kwanza alichokitazama hakikuwa sisi.

"Nani kaitoa nailoni?"

"Mimi," mama akasema. Hakuacha kutaipu.

"Si nilisema nitaitoa mwenyewe nikirudi?"

"Ulisema."

"Sasa si ndiyo nimerudi?"

Mama akamaliza mstari wake. Akaweka nukta. Akageuka akamtazama kwa utulivu, bila hasira yoyote ambayo mimi naweza kuiapia.

"Karibu," akasema. "Minza, mpe baba yako kiti."

Sijawahi kuwa na furaha kama ile. Nilikuwa nimekosea, nailoni ilitoka na baba amerudi! Nilikimbilia kile kiti cha mbao, nikakiburuta hadi katikati ya chumba, nikakipangusa kwa pindo la gauni langu, nikaupiga mto ukaumuka, nikanyoosha kitambaa cha mgongoni. Sikuelewa kwa nini Kabula ameziba mdomo kwa kiganja. Wala sikuelewa kwa nini baba anakitazama tu kile kiti, gunia likiwa bado begani, kisha analitazama pazia, kisha kiti tena.

Mwishowe aliliweka gunia chini. Akakaa pembeni pembeni, viatu vyake miguuni. Mama akanipa hela, nikakimbia kumletea soda.